Waliokonda Ukutani

Shangazi yangu hashonei watu wembamba. Si kwamba anawachukia. Husema mtu mwembamba hata akijifunga pazia linampendeza, sasa fundi ana kazi gani hapo? Yeye anashonea wenye miili. Mwanamke aliyezunguka maduka yote akiambiwa "hatuna saizi yako" huingia kwa shangazi amenuna, na siku ya kuchukua gauni huondoka akijitazama kwenye kioo cha kila gari lililoegeshwa.

Kwa hiyo hoteli moja kubwa ilipotangaza kwamba inatafuta fundi wa kushona sare za wafanyakazi wote, kuanzia jikoni mpaka mapokezi, shangazi alijua kabisa kwamba hiyo ni riziki yake, wengine wanaisindikiza tu. Mwenye hoteli, mama mmoja asiyecheka ovyo, alitaka kila fundi alete video ya nguo zake zikiwa mwilini mwa watu wanaoinama, wanaobeba sinia, wanaopanda ngazi. Nguo zilizotundikwa hakuzitaka. Nguo iliyotundikwa, alisema, haijawahi kumbana mtu.

Kazi ya video ikaja kwetu. Sisi ni mimi na kaka yangu, na mali yetu ni chumba kimoja chenye kibao cha STUDIO mlangoni, kompyuta inayonguruma kama mashine ya kusaga, na kamera ya zamani ambayo kaka anaipenda kuliko anavyowapenda baadhi ya ndugu zetu. Mimi humwita Mkurugenzi. Mpaka leo anadhani ni heshima.

Waliovaa nguo walikuwa wateja wenyewe wa shangazi, wakiongozwa na jirani yetu Mama Kishindo, ambaye akipanda ngazi, waliolala ghorofa ya juu huamka. Alivaa koti jeupe la mpishi lenye vifungo vikubwa vya mviringo, akainama, akachuchumaa, akainua sufuria. Koti halikulia popote. Kaka akasogeza kamera karibu kabisa, mpaka ukaweza kuhesabu mishono ya kwapani, maana kwapani ndipo fundi mbovu anapoumbuka.

Sasa, studio kwetu kazi zote hukaguliwa kwenye tivi ya ukutani. Rimoti yake ilipotea zamani, na iliiacha tivi kwenye ule mpangilio wa kuivuta kila picha mpaka ijaze kioo. Tulishaizoea kama mtu anavyozoea mlango unaokwaruza. Video ya shangazi ikapita pale, ikapendeza, tukapeana mikono.

Siku yenyewe tuliwahi kufika. Mafundi waliruhusiwa kujaribu video zao kwenye projekta ya ukumbi kabla mwenye hoteli hajaingia. Kaka akachomeka kompyuta, akabonyeza, na ukutani akatokea mwanamke mrefu, mwembamba, shingo kama ya twiga, mashavu yamebonyea. Ilibidi nimtazame mara mbili. Alikuwa Mama Kishindo.

Mama Kishindo mwenyewe alikuwa amekaa mstari wa mbele. Alijitazama kwa muda, akashika kifua.

"Jamani," akasema taratibu, "hapo hapo. Asiguse mtu."

Fundi mmoja wa suti, mshindani wa shangazi wa miaka yote, alikuwa amekaa nyuma yetu amekunja nne. Akauliza kwa sauti ya upole mno kama siku hizi shangazi ameanza kushonea fito. Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa amesimama, tepu ya kupimia shingoni, anautazama ukuta kama mtu aliyekuta mgeni amevaa nguo zake.

"Nimekuja hapa kuonyesha kwamba najua kumvisha mwanamke mnene," akatuambia. "Mwenye hoteli akiona hivi, ataona fundi kama fundi yeyote. Nitamwambia nini? Kwamba wamekonda njiani?"

Kaka alikuwa ameshaelewa, na rangi ya uso wake ikaonyesha kwamba ameelewa. Ile kamera yake ya zamani hurekodi picha ikiwa imebanwa kwa upana, kisha ndani ya faili huandika maelezo ya kuiambia mashine: ukinionyesha, nivute mpaka hapa. Alipotoa video ya mwisho, maelezo yale yakaandikwa vibaya. Tivi yetu, iliyozoea kuvuta kila kitu bila kuulizwa, ikatuficha kosa. Projekta ya hoteli haina undugu na mtu. Ikafuata kilichoandikwa.

Mkurugenzi akaamua kuipika upya video nzima, ndivyo tunavyosema pale kompyuta inapoivunja picha yote na kuitengeneza tena mwanzo mpaka mwisho. Mashine ikaanza kunguruma, kile kimstari cha kuonyesha kazi ilipofika kikawa kinatambaa kama konokono mwenye mawazo. Kwa mwendo ule tungemaliza viti vimeshakunjwa. Akaisitisha, akachagua njia ya haraka, akatuonyesha kipande kidogo kilichoiva. Mama Kishindo alikuwa amerudi kwenye unene wake, lakini koti limekuwa kama limemwagiwa uji.

Shangazi akasogea. "Mshono wangu wa kwapani uko wapi?"

Kaka akaanza kueleza kwamba haraka ina gharama yake. Shangazi akamkatiza, akasema yeye hakuja kuonyesha uji.

Mimi nilikuwa nimekaa nafikiri jambo moja tu, nikamgeukia kaka.

"Mkurugenzi, picha yenyewe imeharibika?"

"Haijaharibika. Kilichoharibika ni ule upana ulioandikwa."

"Sasa picha unaipikia nini?" Nikamgeukia shangazi. "Shangazi, gauni umelishona sawasawa, halafu ukakosea ukabandika lebo ya saizi ndogo. Utafumua gauni?"

"Nimerogwa? Nabadilisha lebo."

Kaka akabisha kwamba tukifanya hivyo vitone vya picha vitabaki vile vile, havitaongezeka hata kimoja. Nikamwambia ndiyo, hatuongezi kitambaa, tunasema ukweli kuhusu kitambaa kilichopo. Ile programu yake ya kuandikia amri, anayojivunia kila siku, si inaweza kunakili picha na sauti kama zilivyo na kuandika upana mpya juu yake? Inaweza, akasema, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama ana mikono.

Wakati huo wahudumu wakatuambia mwenye hoteli ameshaingia jengoni. Shangazi akamtazama kaka, akanitazama mimi.

"Badilisheni lebo," akasema.

Kaka hakuigusa faili ya kwanza. Alitengeneza nakala pembeni, na hapo namsifu. Lakini kwa haraka akaandika uwiano wa upana kwa kimo wa zile filamu pana za sinema. Enter. Kabla sijapepesa macho kazi imekwisha. Kompyuta haikupata hata nafasi ya kunguruma. Tukafungua, na ukutani Mama Kishindo akatanuka kama kabati la milango mitatu.

"Rudisheni yule wa kwanza," akasema kutoka mstari wa mbele. "Huyu simjui."

Nikamwambia kaka apumue. Akapumua, akaandika kumi na sita kwa tisa, kama kamera yake ilivyokusudia tangu mwanzo. Enter tena. Picha ikatulia. Kwangu mimi ilikuwa sawa. Kaka naye akasema sawa. Lakini ni macho yetu hayo hayo yaliyopeana mikono mbele ya tivi ya studio, na shangazi hakuyaamini tena.

Akaniambia nisimamishe picha pale koti lilipoonekana karibu. Akatembea mpaka ukutani, akavuta tepu shingoni, akaupima mwanga. Naam, mwanga: alikipima kile kifungo cha mviringo kilichokuwa kinang'aa ukutani, kwanza kwenda juu, kisha kwenda pembeni. Picha ya koti ikampanda mgongoni. Hata yule wa suti akainua shingo kutazama.

"Sawa kwa sawa," akasema. "Hiki ni kifungo."

Akakaa. Mlango ukafunguliwa, mwenye hoteli akaingia, na nikaona kitu ambacho hakuna aliyetuambia: mama yule naye alikuwa na mwili wake wa kutosha, na gauni lake la bei lilikuwa limembana kwapani.

Zikapita video za wengine. Vijana wembamba, suti nzuri, miondoko ya maonyesho. Mwenye hoteli alizitazama kama mtu anayesubiri simu. Ikaja yetu. Mama Kishindo akainama ukutani, akachuchumaa, akainua sufuria, na mwenye hoteli akavuta kiti mbele.

"Simamisha hapo. Sogeza karibu."

Kwapani. Kila mshono ulisimama peke yake, safi, unahesabika. Akauliza kama mwanamke yule ana unene huo kweli au ni ujanja wa kamera. Kabla mtu hajajibu, Mama Kishindo alishainuka, akageuka taratibu mbele ya ukumbi mzima, mikono juu, na sakafu ikatoa ushahidi.

Mwenye hoteli akacheka. Akasema wapishi wake wamekuwa wakifanya kazi na vifungo wazi tangu hoteli ifunguliwe, na hakuna fundi aliyewahi kumwonyesha kwamba anajua kwa nini. Akamwambia shangazi aanze na jikoni, kisha amalizie jengo zima. Yule wa suti akakunjua nne yake.

Shangazi alikunja vitu vyake, akamshika kaka mkono huku na mimi huku. Asubuhi tulikuwa tumeelekezwa mlango wa nyuma, wa mizigo. Kaka akaanza kuelekea huko huko. Shangazi akamvuta, tukakatiza mapokezi, Mama Kishindo akitangulia, na tukatokea mlango wa mbele.