Mjomba Waya na Vituo Vitatu

Mjomba Waya alikigeuza kile kisanduku mara ya nne, akakiinua hadi usawa wa pua, akafumba jicho moja kama sonara anayepima pete ya mtu asiyemwamini. Hakuna tundu. Juu laini, chini laini, ubavuni laini. Kulikuwa na tundu moja tu, la umeme, na hilo tayari lilikuwa na waya wake.

"Mtu mzima na akili zake anatengeneza mashine ya kusema na hospitali," alilalamika, "halafu anasahau kuiwekea pa kuchomeka waya. Huyu alisomea wapi?"

Jina la Waya hakupewa kwa kuonewa. Alikuwa fundi umeme mwaka wa ishirini na tatu huo, na imani yake ilikuwa fupi kuliko kidole: kitu kikitoka hapa kwenda pale, lazima kuwe na waya katikati. Habari za mawimbi ya hewani alizikubali kwa mdomo tu, kama tunavyokubali sote kwamba dunia inazunguka huku chai haimwagiki.

Ila Jumamosi hiyo imani yake haikumsaidia kitu. Kitandani, karibu na kisanduku, alikuwa amekaa mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Miezi miwili nyuma Bibi alikuwa amewekewa betri ya moyo kifuani, kidude cha ukubwa wa kiberiti, kazi yake kuusukuma moyo ukizembea na kuutuliza ukikurupuka. Kidude kilitakiwa kumsimulia kisanduku yote yaliyotokea, na kisanduku kizitume habari hospitalini kwa waifai. Alipokuwa analala chumba cha mbele, mambo yalikwenda vizuri. Siku tano zilizopita Bibi akasema amechoka kulala kama mgeni kwake, akabeba mto wake, akarudi chumbani kwake, mwisho kabisa wa nyumba. Waifai ilizaliwa sebuleni na kufia jikoni. Huko kwa Bibi hata simu ya kawaida ilisema "haloo" kwa kukwama.

Asubuhi hiyo muuguzi alikuwa amepiga.

"Siku tano hatumwoni mama yenu. Msikichomoe kisanduku, kina habari zote tumboni na kikizimika zinapotea. Tafuteni namna kitume hapo hapo kilipo. Tusipozipata hadi saa kumi leo, kesho mleteni alazwe, tumwangalie kwa macho."

"Siendi," Bibi alisema, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kata shauri. "Kule kitanda kina namba na mimi naitwa kwa namba ya kitanda. Hapa nina jina langu."

Mjomba Waya alimjua mama yake: hakuwa mtu wa kubebwa, na yeye hakuwa mtu wa kumbeba.

Saa sita na nusu aliingia mpwa wake, binti wa dada yake, muuza simu. Aliitwa Chiriku, kwa sababu ambazo hujitokeza zenyewe mara afunguapo mdomo.

"Shikamoo Mjomba. Bado unatafuta tundu?"

"Marahaba. Nyamaza."

"Ukiliona nipigie picha. Bibi, shikamoo, mke mwenzangu."

"Marahaba, mwizi wa waume. Umeleta dawa?"

Chiriku alifungua boksi, akatoa vidude vitatu vyeupe, vya duara, kama vibakuli vilivyofunikwa kifudifudi. "Hivi ni vituo. Kimoja hakifiki mbali, ila vinapokezana. Cha kwanza kinakaa sebuleni kwenye ruta inayotoa waifai, kinampa wa pili, wa pili anampa wa tatu humu."

"Kama wabeba tofali kwenye mjengo," alisema Mjomba Waya.

"Hao hao. Ila hawa hawadai chai ya saa nne."

Kituo cha kwanza kilikuja na waya mfupi wa kuunganisha na ruta, na Mjomba Waya aliuchomeka mwenyewe, taratibu, kwa heshima ya mtu anayekutana na ndugu ugenini. Cha pili wakakiweka juu ya kabati la jikoni. Cha tatu wakakiweka kwenye rafu chumbani kwa Bibi, mkabala na kitanda. Cha pili kikawaka kijani. Cha tatu kikawaka chekundu, kikabaki chekundu, kama macho ya mlevi.

"Nilijua," alisema Mjomba Waya.

"Ulijua nini? Shika simu yangu. Hii namba ni nguvu ya mawimbi. Tembea. Ikishuka, simama, uniambie pana nini."

Akatembea, kwanza kwa kuburuza miguu, kama mtu aliyetumwa dukani na mtoto. Mlangoni pa jikoni namba ilisoma sabini. Hatua tatu, hamsini na tano. Ukumbini, mbele ya tangi la maji, ikaporomoka hadi ishirini. Nyuma ya tangi, tisa.

"Hapa pana tangi. Lita elfu."

"Ndilo hilo. Maji yanameza mawimbi."

"Yanameza?"

"Kama wewe na supu."

Akarudi mbele ya tangi: ishirini. Akasogea nyuma: tisa. Akafunga mlango wa chuma wa uani: nne. Akaufungua: kumi na mbili. Akaanza kwenda polepole zaidi, simu mbele, kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake. Ukumbi huo alikuwa ameupita tangu akiwa anatambaa, na siku zote aliamini ni mtupu. Kumbe haukuwa mtupu. Ulikuwa na vilindi na maji mafupi. Palikuwa na kivuli kirefu nyuma ya tangi, na mkondo mwembamba ukipita kando ya fremu ya mlango, na yote hayo yalikuwa yamejaa humo wakati yeye anapita na ngazi begani, akipiga mluzi. Akaweka kiganja mbele ya simu. Namba ikashuka.

"Chiriku! Hata mkono wangu?"

"Wewe mwenyewe ni maji, Mjomba. Tangi lenye suruali."

Hakucheka. Alikuwa anautazama ukuta. Kuta za nyumba hiyo alizitoboa yeye mwenyewe, moja moja, alipopitisha umeme. Alijua matumbo yake kuliko alivyojua ya kwake. "Huu una nondo," akanong'ona. "Ule umebeba bomba. Pale mlangoni chuma." Akageuka ghafla. "Stoo! Juu ya stoo mama alitaka hewa, tukajenga matofali ya matundu, mpaka ukuta wa chumbani kwake. Hakuna nondo, hakuna bomba, hakuna kitu!"

Alileta ngazi, akakihamisha kituo cha pili kutoka jikoni, akakipandisha juu kabisa stoo, kikatazamana na yale matundu. Wakakimbilia chumbani. Chekundu. Chekundu. Kisha njano. Kisha kijani.

Chiriku akampigia mjomba wake makofi, jambo ambalo ukoo haukuwahi kulishuhudia.

Saa tisa na robo Bibi alibonyeza kitufe cha kisanduku kama alivyofundishwa. Taa tano zilitakiwa kuwaka moja baada ya nyingine. Ikawaka ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ikasimama hapo. Ikarudi mwanzo. Moja, mbili, tatu, ikasimama.

"Njia ipo, ila pana msongamano," alisema Chiriku, akipekua simu yake. "Mjomba, nyumba hii mnakaa wangapi?"

"Wawili. Ukija wewe na mdomo wako, wanne."

"Basi mbona waifai inabeba vifaa thelathini na kimoja? Sikiliza majina. 'Kinyozi Simu Mpya.' 'Fundi Cherehani.' 'Runinga ya Duka la Dawa.' Huyu anajiita 'Mfalme wa Kona', na tangu asubuhi anapakua sinema."

Mjukuu na mwana wakamgeukia Bibi. Bibi akaangalia dari, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Walikuja kuniangalia nilipokuwa naumwa," akasema mwishowe. "Sikuwa na nguvu ya kuwapikia hata chai. Mtu atoke kwangu mikono mitupu? Nikawapa nenosiri. Nimnyime mtu kitu akichota hakipungui?"

"Kinapungua, Bibi, si unaona taa? Na si hilo tu. Wao wamewapa wenzao, na hao wakawapa wenzao. Mlango wanaopitia ndio huo huo atapitia mtu tusiyemjua, aingie ndani kabisa, zinamopita habari za moyo wako."

Bibi akashika kifua. "Moyo wangu uko njia moja na sinema za Mfalme wa Kona?"

"Wanapigana vikumbo mlangoni."

"Badilisheni. Lakini msiwafukuze watu wangu. Nitawatazama vipi?"

Hapo Mjomba Waya akajikuta, bila kupanga, anatetea upande wa hewani. "Mama, friza niliipa laini yake kwenye ubao wa umeme, taa zina yake. Taa zikileta matata, friza haijui. Tufanye hivyo hivyo. Nyumba laini yake, wageni laini yao."

"Yaani wabaki sebuleni, wasiingie chumbani."

"Ndiyo hivyo," alisema Chiriku. "Mimi ningelieleza kwa nusu saa."

Akaanza kazi. Kwanza nenosiri la ruta yenyewe, ambalo lilikuwa lile lile lililobandikwa kiwandani chini ya tumbo lake, sawa na mtu kufunga mlango na kuning'iniza ufunguo kwenye kitasa. Kisha akaiachia ruta ijisasishe, na dakika sita hizo Mjomba Waya alizihesabu kwa kung'ata kucha. Kisha akafungua mtandao wa wageni, akaupimia kiasi chake. Mwisho akamwambia Bibi ataje nenosiri jipya la nyumba: refu, maneno manne au matano, ambayo hakuna mtu duniani angeyakisia.

Bibi akamvuta sikio, akamnong'oneza. Chiriku akacheka hadi akakaa chini.

"Babu alikuambia hivyo? Siku ya kwanza?"

"Nini?" aliuliza Mjomba Waya. "Kasema nini?"

"Wewe umezaliwa juzi," Bibi akamjibu. Na wewe msomaji usinitazame hivyo. Nenosiri ni nenosiri.

Chiriku akabonyeza. Kwa muda wa pumzi tatu dunia ilinyamaza. Halafu mtaa ukalia. Ukutani nje wanafunzi walipiga ukelele kama timu yao imefungwa. Getini akatokea kinyozi, mashine mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja.

"Bibi! Kumekatika!"

"Rudi ukamalize kichwa cha mtu!" Mjomba Waya akafoka dirishani.

"Subirini kidogo, wanangu," Bibi akaita kutoka ndani. "Yenu inakuja!"

Chiriku akakiingizia kisanduku nenosiri jipya kwa simu yake; zilibaki dakika tisa kufika saa kumi. Bibi akabonyeza kitufe. Moja. Mbili. Tatu. Ikasita, na Mjomba Waya akasita nayo. Nne. Tano.

Wakakaa wakiitazama simu ya Mjomba, ambayo Chiriku alikuwa ameshaiunganisha na mtandao wa nyumba. Ikalia. Muuguzi.

"Tumempata mama," alisema. "Siku zote tano." Ukasikika mlio wa vidole kwenye vitufe. "Alhamisi alfajiri, saa kumi na moja kasoro dakika nane, alikuwa anafanya nini?"

"Nilikuwa nimelala," Bibi akajibu haraka mno.

"Moyo haukuwa umelala, mama. Ulikimbia dakika mbili na sekunde kumi, kisha kifaa kikaurudisha."

Mjomba Waya akamtazama mama yake.

"Nilisogeza kabati," akasema Bibi. "Kidogo tu. Pete ilidondoka nyuma." Kisha akainamia kifua chake mwenyewe, kwa hasira: "Ndiyo nini sasa? Nakulea miaka yote, unakwenda kunisengenya hospitali!"

Muuguzi alicheka, lakini maneno yake yalikuwa ya kazi: aongezewe nusu kidonge jioni, asisogeze hata kigoda, na hakuna haja ya kulazwa. "Abaki hapo hapo chumbani kwake. Maadamu tunamwona."

Chiriku akamkumbatia bibi yake, wakaanza kuchekana. Mjomba Waya hakujiunga nao. Alhamisi alfajiri yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta ule, kichwa chake shubiri moja kutoka kwenye kabati lile, anakoroma. Moyo uliomlea ulikimbia dakika mbili na sekunde kumi, na hapakuwa na aliyejua. Kidude kidogo kilijua. Kikamwambia kisanduku, na kisanduku kikakaa na habari hiyo siku mbili, hakina wa kumwambia. Na sasa ilikuwa imekwenda: imepenya matundu ya matofali, imepita juu ya magunia ya stoo, imekatiza sebule, hadi mtu asiyewahi kuiona nyumba hii akaisoma kama barua, saa na dakika yake.

Taa za kisanduku zikaanza tena. Moja. Mbili.

"Inarudia?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapana. Hizi ni mpya. Ni moyo wake wa sasa hivi."

Mjomba Waya alikuwa amesimama katikati ya chumba. Kushoto kwake kulikuwa na kitanda na kisanduku, kulia rafu na kituo cha tatu. Akatazama huku, akatazama kule. Katikati hakukuwa na chochote cha kuonekana. Vumbi tu likielea kwenye mwanga wa dirisha. Akarudi nyuma hatua moja, na nyingine, hadi mgongo ukagusa ukuta, akavuta tumbo ndani.

"Mjomba," alisema Chiriku, "unafanya nini?"

"Sogea na wewe," akanong'ona. "Mama anapita."