Madole ya Sote

Hadia alikuwa akimpima mtoto uzito, mtoto analia na mama yake anacheka, dole gumba la kwanza lilipodondoka kutoka darini na kutua kwenye mizani. Lilikuwa la manjano, vuguvugu, kucha imekatwa vizuri. Uzito ukazidi kidogo. Hadia akaliondoa, akaanza kupima upya.

Asubuhi hiyo alikuwa ameomba glavu kupitia Sote, programu ya simu iliyoletwa na shirika lililoajiri wauguzi wa visiwa vya Lamu, ili watu wafanye kazi pamoja bila kuonana. Tuseme haki: Sote ilikuwa na mazuri yake. Ratiba za chanjo hazikupotea tena. Muuguzi aliyekwama na kidonda asichokielewa alituma picha, na wenzake wakamjibu kabla chai haijapoa. Vyandarua vilivyosahauliwa ghalani Wiyoni vilipatikana kwa kuandika neno moja tu. Lakini mtu akiombwa jambo, alibonyeza dole gumba kuonyesha ameona, na ombi likishapata madole ya idara zote, Sote yenyewe ililiandika kuwa limeshughulikiwa, ikalifunga. Glavu hazikuja. Madole yalikuja yote.

Bi Umulkheir, aliyefagia kliniki hiyo ya jirani na Kiunga, aliyakusanya kwenye kitambaa. Hadia akamwambia ayatupe jalalani, kuku watayamaliza. Bi Umulkheir akamtazama kama mtu asiyelelewa.

"Ziungo za watu hazitupwi, mwanangu. Huzikwa. Hata kama wenyewe wangali hai."

Imamu alipoulizwa alikubali, akaongeza tu kwamba hayasaliwi, maana wenyewe wako ofisini. Ikawa ndiyo desturi ya kijiji. Hadia akionekana ameinamia simu yake, akiomba dawa au fundi wa friji, mtu alikwenda kuchukua jembe bila kutumwa. Nyuma ya kliniki pakawa na makaburi mafupi mafupi, na watoto wakakatazwa kucheza hapo.

Kisha Mardhiya, binti wa Bi Umulkheir, akashikwa na uchungu, na mtoto tumboni amelala kikingamo. Damu ilikuwa imeanza kutoka. Ilibidi apasuliwe, na wa kumpasua walikuwa Lamu mjini. Wavuvi wa kijiji walikuwa wametoka na boti zao zote. Hadia akampigia simu Bwana Gharib wa Langoni, nahodha wa boti ya shirika. Zamani alikuwa akiitwa tu, anakuja. Siku hizi hakuruhusiwa kuwasha injini mpaka Sote impe safari, na mwenzake aliyekwenda bila kupewa alikuwa amefutwa kazi. Hadia akampigia mratibu, Bwana Jabez, mtu mpole wala hana makuu, naye akamwomba kwa adabu aandike kwenye Sote ili pawe na rekodi.

Hadia akaandika. Haikuwahi kuonekana haraka kama ile. Madole yalianguka kitandani, kwenye beseni, kwenye nywele za Mardhiya. Alikuwa bado anayaondoa Bwana Gharib alipopiga simu.

"Boti iko, mafuta yako, ndia naiyua," alisema. "Lakini huku yasema kazi imekwisha."

Alikuwa analia. Ana watoto, na kazi nyingine hana. Hadia akaandika tena, na Sote ikamjibu kuwa ombi kama hilo limeshashughulikiwa, ikamshukuru. Akamtafuta Bwana Jabez, lakini alikuwa mkutanoni, ndani ya Sote hiyo hiyo, na mtu akiwa mle simu haimlilii. Hadia akatukana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mgonjwa. Mardhiya alimsikia, akatabasamu kidogo.

Alifariki baada ya adhuhuri, mtoto akiwa bado tumboni. Hadia akaiandika habari hiyo, kwa sababu vifo navyo vilitakiwa viandikwe. Madole yakaanguka juu ya shuka aliyofunikwa Mardhiya. Bi Umulkheir akayaokota moja moja.

"Na haya pia tutayazika," alisema. "Lakini si karibu na mwanangu."

Mwisho wa mwezi shirika likaipongeza kliniki ya Hadia, kwa kuwa hakuna ombi lake hata moja lililobaki wazi. Bwana Gharib alitumiwa fulana. Hadia alilichukia shirika kwa moyo wake wote, na kila asubuhi akaifungua kliniki kwa wakati, maana wagonjwa hawakuwa na pengine pa kwenda.

Siku moja Nusra, muuguzi wa kisiwa cha jirani, akaandika kwamba ana mama anatoka damu na anaomba boti. Ombi lilipelekwa kwa kila mtu. Hadia hakuwa na boti, na asiyebonyeza alihesabiwa kuwa hayuko kazini. Nyuma yake Bi Umulkheir alikuwa akipiga deki. Akabonyeza. Kisha akampigia Nusra, na Nusra, pumzi zikimpaa, akauliza boti imetoka Lamu saa ngapi.

"Tandika shuka sakafuni, dada," Hadia akamwambia. "Iwe safi. Dole langu lishatoka."