Simba wa Theophil

Albina hakuwa mtu mbaya, tuelewane hapo. Ila alikuwa na ugonjwa wa wafanyabiashara wengi wa Guangzhou: kitu kikuukuu hakipiti mikononi mwake mpaka king'ae. Mzigo uliofubaa nani atanunua?

Basi shemeji yake Theophil, kaka wa mumewe, alimkabidhi kibubu cha marehemu baba yao huko Moshi, simba wa chuma mwenye tundu la sarafu mgongoni. Alimwomba amtafutie mnunuzi wa vitu vya kale, apate ada ya chuo ya bintiye Agape. Aliporudi Guangzhou, Uchina, Albina akaanzia mtaa wa Yide Lu, kwa laoban mmoja, yaani bosi, mwenye karakana ya kupaka rangi midoli. Bosi huyo akamtumbukiza simba kwenye dawa, rangi yote ikatoka, akampulizia ya dhahabu. Alimeremeta huyo! Albina akapiga na picha tatu.

Ndipo akampelekea Mugo, Mkenya anayenunua vitu vya kale.

Mugo akampima simba kwa kiganja, akapitisha ukucha kwenye maungio. "Hii ni ya zamani kweli. Feki chuma yake inakwaruza, na hapa kwa maungio ungepitisha kadi. Ona skrubu: mfereji mmoja. Za juzi ziko na msalaba." Kisha akanusa. "Weh! Albina, nani alipaka hii kitu?"

"Mimi. Nilitaka ipendeze."

"Rangi ya kwanza ndiyo ilikuwa bei. Hata ikiwa imetoka nusu, ningekupa dola elfu mbili. Sasa ni themanini, na hapo nakuonea huruma."

 Albina alizikataa hizo themanini, akamfunga simba kwenye kanga, akatoka. Ada ya mtoto wa watu! Ndani ya teksi alitafuta maneno ya kusema, akapata ya aibu, akapiga simu.

"Shemeji, wamesema ni feki. Haina bei."

Theophil akacheka taratibu. "Pole, shemeji, kwa kubeba chuma chote hicho bure. Ada nitauza pikipiki, usiumize kichwa. Na nikwambie kweli? Moyo umetulia. Pale mgongoni, karibu na tundu, rangi imelika kwa dole gumba la baba. Kila Jumapili alimshika hapohapo akitia senti. Nikimkumbuka, naweka dole langu pale. Nirudishie hivyohivyo alivyo, usimfute hata vumbi."

Albina akafungua kanga mapajani. Mgongo wote ulikuwa dhahabu, laini, hauna alama ya mtu. Aliweka dole gumba lake karibu na tundu, akaliondoa upesi. Alijichukia.

"Shemeji, upo?"

"Nipo." Akamfunika simba kwa kanga. "Pikipiki usiuze. Nimekudanganya, shemeji. Nisikilize mpaka mwisho, halafu unitukane utakavyo."