Dakika Nne za Marietha

Kokuberwa aliyasoma maagizo ya kampuni ya televisheni kabla hata hajanywa chai. Alikuwa mhariri wa filamu, na kazi aliifanyia nyumbani kwake Bunju, kwenye chumba ambacho dirisha lake alilikinga kwa godoro jembamba ili kelele za mafundi wa jirani zisiingie. Miezi minne alikuwa amejifungia humo na filamu moja, *Pumba*, iliyoongozwa na rafiki yake Didas. Ilimhusu mjane anayepeta maharage katika soko la Tandale. Aliyecheza mjane huyo hakuwa mwigizaji. Ni Marietha, mama wa Kimakonde anayeishi Kiwalani, na kupeta nafaka sokoni ndiko kunakomlisha hadi leo.

Kampuni ilikuwa imeinunua filamu iionyeshe kwenye chaneli yake. Sasa ilitaka jina libadilishwe, dakika kumi na tisa za mwanzo zipunguzwe zibaki tano, simulizi ya Marietha itolewe, na mwisho upigwe upya: mjane aolewe.

Siku ya pili yake yeye na Didas walikwenda kumwona Brightson, meneja wa vipindi.

"Kaka Didas," Brightson alisema kwa upole, "nani atakaa sebuleni kwake aangalie kitu kinachoitwa Pumba?"

"Ndilo jina lake."

"Na huyu mama anaongea dakika nne nzima, kamera haijongei. Watu wanahama chaneli. Sisemi kwa chuki, hizi takwimu naziona kila wiki."

"Huyo mama ndiye filamu yenyewe!"

Brightson hakubishana. Aliugeuza mkataba juu ya meza, akaweka kidole penye mstari uliosema neno la mwisho ni la kampuni. Didas aliusoma, akaomba jina lake liondolewe kwenye filamu, akatoka bila kuaga.

Kokuberwa alibaki kwenye kiti. Mkataba ulimfunga na yeye, lakini si hilo tu lililomkalisha. Kuhusu zile dakika kumi na tisa, Brightson alikuwa sahihi. Aliliona mapema sana, ila Didas alizipenda mno picha zake za soko likiamka, na yeye hakuwa na moyo wa kumwambia.

Basi akaanza na mwanzo. Aliukata mpaka ukabaki dakika tano, na filamu ikachangamka kama mtu aliyevuliwa koti zito. Alifurahi, kisha akaona aibu kwa kufurahi.

Halafu akafika kwa Marietha. Mama huyo alikuwa amekaa na ungo wake akisimulia jinsi, baada ya mumewe kufa, alivyoendelea kupika ugali wa watu wawili mwezi mzima. Anakula wake, ule mwingine anawapelekea kuku wa jirani. Hakuna aliyemwandikia maneno hayo. Aliyasema mwenyewe, huku mikono ikipeta. Kokuberwa aliyatoa. Alipoirudia filamu, akakuta mbele kuna pahala mjane anakataa sahani ya chakula cha jirani, na pale palipokuwa pakimliza Kokuberwa sasa palionyesha mama mwenye kiburi tu. Akamwandikia Brightson kumweleza. Jibu likaja: hapo wekeni muziki wa kuchekesha.

Harusi ilipigwa bila Marietha. Walimvika shela mwanamke mwingine, wakampiga picha kutoka nyuma.

Kwa wiki tatu Kokuberwa alikuwa akishika simu ampigie Marietha, anaiweka chini. Siku ya kuonyeshwa filamu, Jumapili mchana, ndipo alipokwenda Kiwalani, akidhani atamwahi kabla haijaanza. Akakuta chumba kimejaa majirani waliotoka kanisani, soda zimeshafunguliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapa karibu yangu, inaanza."

Mjane alipokataa sahani, muziki ukalia, nao walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Shela lilipotokea, wakapiga vigelegele, na mmoja akamgeukia Marietha.

"Mama Albano! Kumbe umeolewa na hukutualika!"

Marietha alicheka nao, macho hayatoki kwenye runinga. "Yule si mie," alisema taratibu. "Mie mguu wa kushoto nauburuta."

Majirani walipoondoka, aliokota chupa moja moja, akazipanga kwenye kreti. Kisha akauliza, "Na yale maneno ya marehemu baba Albano?"

"Nimeyatoa, mama."

"Wewe?"

"Mimi. Niliagizwa, lakini aliyekata ni mimi. Na nilipaswa kuja kukuambia mapema."

Marietha hakumwambia kwamba si neno. Kokuberwa akafungua kompyuta yake, akamwekea zile dakika nne. Mama alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama anayemsikiliza mtu mwingine.

"Habari ya kuku nimeisema mara mbili," alisema zilipokwisha. "Mara moja ingetosha."

"Tuitoe?"

"Ile ya kwanza. Ya pili ndiyo nimeisema vizuri."

Wakaitoa palepale, Marietha akionyesha kwa kidole wapi pa kukata.

"Hii haitaonyeshwa popote, mama. Ni mali ya kampuni."

"Nitilie kwenye simu. Mwanangu Albano alikuwa mdogo baba yake alipofariki, hajui kama nilikuwaga napika vile."

Kokuberwa alimtilia, akaaga. Alipofika barabarani akampigia Didas, akamsimulia yote, na mwisho akasema alichokuwa amekificha: "Ule mwanzo ulikuwa mrefu, Didas. Waagize wasiagize, ulikuwa mrefu."

"Uliona lini?"

"Wiki ya pili."

"Miezi minne, Koku. Yule Brightson ananiambia siku moja, wewe miezi minne."

"Najua."

Alidhani Didas atakata simu. Badala yake alimsikia akivuta kiti. "Haya. Kwa hiyo sasa filamu inaanzia wapi?"

Ndege ilikuwa ikishuka juu ya mabati ya Kiwalani, na Kokuberwa akasubiri ipite, kisha akaanza kumweleza picha baada ya picha.