Ufa Niliouziba kwa Puti

Mimi ni fundi rangi, na kazi chafu sizipendi. Wenzangu wamenibandika jina la Bwana Msasa, na binti yangu naye huniita hivyo akitaka kunichokoza. Nikiona ukuta wenye mikwaruzo, mikono huniwasha. Ndiyo maana miaka miwili iliyopita, tulipopewa kazi ya kupaka rangi daraja la barabara kuu, nilipandwa na hasira nilipokuta mhimili wa chuma chini yake umechorwachorwa mistari myekundu na tarehe. Pale chuma kilipochomelewa palikuwa na ufa mwembamba kama uzi, na mistari ile ilikuwa kwenye ncha yake. Nikapiga msasa, nikajaza puti, nikapaka rangi ya kijivu mara tatu. Ukipitisha kiganja husikii kitu. Nilijisifu njia nzima hadi nyumbani.

Jana saa tisa alasiri nilikuwa peke yangu kwenye jukwaa chini ya daraja lile lile, nikirekebisha rangi iliyobambuka. Puti yangu ilikuwa imepasuka. Ufa haukuwa uzi tena, ulikuwa umepanda mhimili hadi usawa wa kifua changu. Nikachomeka kisu cha puti nipime kina chake. Lori likapita juu, ufa ukapanuka, kisha ukafumba, na kisu kikabanwa humo humo. Nilikivuta kwa mikono miwili, hakikutoka.

Nikampigia simu mkaguzi wa madaraja, mama mmoja asiye na maneno mengi.

"Mama, mhimili wa kushoto una ufa mkubwa. Karibu na nguzo ya pili."

"Pale niliweka alama za kuupima, nione kama unakua," akasema. "Mwaka jana alikwenda mwenzangu, akaandika hakuna ufa. Nikajua wameshapachomelea upya." Kisha akauliza, "Fundi, alama zangu nani amezifuta?"

"Sijui, mama."

"Basi nisikilize. Daraja hilo lina mihimili miwili tu. Mmoja ukikatika, hakuna wa tatu wa kuupokea mzigo. Toka hapo chini, kasimamishe magari. Mimi nawapigia polisi."

Saa tisa na nusu binti yangu hupita hapo akiendesha basi la wafanyakazi wa kiwanda, akitokea ng'ambo. Nilipanda ngazi na ndoo yangu mkononi, sijui hata kwa nini niliibeba. Nikampigia huku nakimbia. Simu iliita hadi ikakatika. Akiwa kwenye usukani hapokei, na ni mimi niliyemwapisha asipokee.

Upande wangu nikamwaga rangi yote barabarani, nikasimama katikati yake nikipunga mikono. Walinitukana matusi ya kila aina, lakini walisimama. Ng'ambo hakukuwa na mtu wa kuwasimamisha. Nilitaka kuvuka mbio. Mguu mmoja ukakanyaga daraja, nikahisi linatetemeka, wa pili ukagoma. Niliogopa, sifichi. Mwanangu anakuja na mimi nimeganda kama mti.

Basi lake likatokea. Nikapiga kelele, najua hasikii, nikapunga hadi mabega yakauma. Likapunguza mwendo. Baadaye aliniambia aliiona ile rangi kwanza. Baba yake amwage ndoo nzima kwenye lami? Akajua kuna balaa. Akakata usukani, basi likasimama kwa upande, karibu limeziba barabara yote.

Lori la saruji lililokuwa nyuma yake likapiga honi, likajipenyeza pembeni mwa basi na kuingia darajani. Nilimwona dereva, ameweka mkono dirishani. Alipofika karibu na nguzo ya pili, kitu kikalia chini kwa kishindo kimoja. Barabara ikalala upande, ikaenda mtoni pamoja naye. Vumbi lilipotulia, mbele yangu kulikuwa na hewa tupu.

Simu ikaita. Ni binti yangu.

"Baba, uko mzima?"

"Mzima, mwanangu. Wewe je?"

Alikuwa akilia kwa kwikwi. "Niliacha nafasi pembeni, baba. Ningesogea hata hatua mbili tu, asingepita. Nimemuua mimi."

Watu walikuwa wakinipigapiga mgongoni wakiniita shujaa. Mhimili ulikuwa majini, puti majini, kisu changu majini. Kama ningefunga mdomo, nani angejua? Niliogopa kuliko nilivyoogopa pale darajani, maana mtoto huyu ndiye pekee aliyebaki kwangu, na nilijua nikisema neno moja naweza kumpoteza. Nikamsikia anarudia, "Nimemuua mimi, baba."

"Si wewe," nikasema. Nikamweleza yote: mistari myekundu, msasa, puti, hata uongo niliomwambia mkaguzi nusu saa iliyopita.

Nilisikia abiria wake wakilia nyuma yake. Nikamwita mara mbili.

"Mpigie huyo mama sasa hivi," akasema mwishowe, sauti imemkauka. "Umwambie kwa mdomo wako. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

Akakata simu.