Mkate Uliolala

Tangu Mzee aanze kuugua, kila alichotia mdomoni kilikuwa na ladha ya maji. Alikuwa akisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayeeleza hali ya hewa: hiki ni maji, na hiki nacho ni maji. Binti yake mkubwa, ambaye mtaani walimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake ya chumba cha mbele, alibadilisha mapishi mpaka akaishiwa. Akaongeza chumvi, akakamua ndimu, akajaribu na pilipili ambayo daktari aliikataza. Mzee alionja, akashukuru, akaisukuma sahani pembeni. Mabega yake yakaanza kuchongoka chini ya shati. Fundi, ambaye ndiye aliyemshonea mashati yote, akawa anayapunguza mbavuni bila kumwambia mtu.

Aliyeipatia dawa hali hiyo alikuwa wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwokaji katika duka la mikate karibu na posta. Siku moja alikuja na mkate mweusi, mzito kama tofali, uliookwa kwa rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo ndugu na ngano. Alikata kipande chembamba, akakipaka siagi, akampa mkwewe. Mzee alitafuna, akatulia kidogo, akatafuna tena.

"Huu una uchachu," alisema. "Huu nauona." Akaomba kingine.

Tangu hapo wifi akawa analeta mkate mwingine kila ule wa kwanza ulipokaribia kwisha. Aliuweka kwenye sanduku la mbao lenye kifuniko kisichobana sana, ndani yake ametandika kitambaa cha pamba. Hicho kitambaa alikiomba kwa Fundi. Alitaka masalia ya pamba tupu, isiyochanganywa na nailoni, na Fundi akamchambulia kwenye kapu la vipande huku akimtania kwamba tangu aolewe bado hajaacha kuokota matambara. Wakacheka wote wawili, maana mawifi bila kutaniana si mawifi. Lakini Fundi alijua kwamba utani ule aliuacha na sindano ndani. Tangu mama yao afariki, ni yeye aliyempikia Mzee, akamfulia, akampangia dawa kwenye kikombe. Miezi yote hiyo chakula chake kilikuwa maji. Halafu anakuja mtoto wa watu na kipande kimoja cha mkate, na Mzee anaomba kingine.

Duka lile la mikate lilimpa Fundi kazi ya kushona aproni. Asubuhi moja alikuwa anazipeleka, amezikunja kifuani, akapita uchochoroni kwa nyuma ambako dirisha la jikoni huachwa wazi ili joto la tanuri litoke. Akasikia sauti ya wifi yake ikimwambia mwenzake, "Huo usiupeleke mbele. Ni wa baba mkwe. Uache ulale kwanza, nitampelekea kesho."

Fundi akasimama.

Katika nyumba zote alizopata kuingia, chakula kilicholala ni kiporo. Kiporo mtu hukipasha asubuhi akakila mwenyewe, kimyakimya, na mgeni akipiga hodi hukifunika. Hapelekewi mkwe. Alirudisha mawazo nyuma akaona kwamba kweli, tangu mwanzo, hakuna mkate hata mmoja uliowahi kufika kwa Mzee ukiwa na moto. Kila alichokijua kikajipanga upya, kikakaa vizuri sana, kama mshono uliopigwa pasi.

Angeweza kuuliza. Dirisha lilikuwa wazi na wifi alikuwa pale pale, angemgusa bega kwa kunyoosha mkono. Badala yake alizunguka mbele, akaziweka aproni kaunta, akaenda zake. Baadaye, katika yote aliyoyafanya, hilo la kutouliza ndilo lililomrudia mara nyingi zaidi.

Jumapili iliyofuata ndugu walikuja kumjulia hali Mzee. Alikuja Shangazi, dada yake Mzee, mwanamke mnene anayependwa kwa vicheko vyake na kuogopwa kwa hivyo hivyo, pamoja na binamu kadhaa. Mdogo wake Fundi alikuwepo na mkewe. Wifi aliukata ule mkate mweusi, akaupanga kwenye sahani, akaupitisha. Watu wakausifu. Shangazi akasema kwamba kwa mkate huu hata yeye yuko tayari kuugua. Mzee akacheka, na hilo la Mzee kucheka ndilo lililomtoa Fundi kwenye kiti.

"Mle taratibu jamani," alisema. "Hicho ni kiporo. Wifi yangu humwekea baba mkate mpaka ulale, ndiyo amletee. Wa moto una wenyewe."

Alilisema kwa sauti ya utani, ili likikataliwa awe na pa kukimbilia. Shangazi alirudisha kipande chake sahanini, akamgeukia wifi. "Eti mama, ni kweli?"

"Ni kweli huwa naulaza," wifi akasema polepole, "ila ni kwa sababu..."

"Mmesikia kwa mdomo wake," Fundi akadakia.

Binamu mmoja akacheka, cheko fupi la puani. Mume wa wifi alimtazama baba yake, kana kwamba neno la kuwaokoa lingetoka huko. Mzee alikuwa anaangalia sahani yake. Wifi hakuimalizia sentensi aliyokatizwa. Aliosha vyombo vyote, akafuta mikono kidole kwa kidole, akachukua mkoba. Sanduku la mbao aliliacha juu ya kabati. Mlangoni alimwambia Fundi, kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia, "Basi wifi, mtafutieni wa moto."

Fundi alimtafutia. Mkate ule ulipokwisha mezani, alivizia siku ambayo wifi hakuwa zamu, akaenda dukani, akadai mkate wa rai uliotoka tanurini saa hiyo hiyo. Muuzaji alimwambia huu haukatwi leo, mama. Fundi akamjibu kwamba hakuja kufundishwa kula. Akaubeba kifuani kama mtoto, ukimchoma mpaka kwenye ngozi, akapita mtaani taratibu ili watu wauone moshi wake.

Kisu kilipoingia, hakikutaka kutoka. Kilipotoka kilikuwa kimepakazwa kitu kama udongo wa mfinyanzi. Ndani mkate ulikuwa unanata, na vipande vilivurugika badala ya kukatika. Mzee alijitahidi. Ulimganda kwenye fizi na kaakaa, akausukuma kwa ulimi, akanywa maji.

"Leo umeniletea gundi," alisema kwa upole.

Uliobaki Fundi aliufunga kwenye mfuko wa nailoni wakati bado una joto, akapiga fundo kali ili uzima wake usitoroke. Mfuko ukatoa jasho kwa ndani. Ganda likalegea kama ngozi ya kiatu kilicholowa, na haukupita muda ukaota manyoya ya kijani. Akautupa kwenye pipa la jirani, si la kwake. Aliponunua mwingine alijifanya amejifunza, akauweka kwenye friji, na huo ukakauka ukawa unamong'onyoka kama ukuta mbovu. Mzee akarudi kwenye maji yake. Fundi akatoa tena wembe wa kufumulia, akakaa na shati lile lile mapajani, akaona kwamba mbavuni hapakubaki nafasi ya kupunguza.

Wifi hakuonekana. Mdogo wake alikuja peke yake, akakaa na baba yao, akaondoka bila kupitia chumba cha cherehani.

Siku aliyofungua sanduku la mbao, Fundi alikuwa anatafuta mahali pa kuweka vifungo. Kona moja, ndani ya kitambaa, kulikuwa na kichwa cha mkate wa Jumapili ile, kimelala kifudifudi, upande uliokatwa umegusa mbao. Alijiandaa kwa harufu mbaya. Ikamjia harufu kali ya uchachu, safi. Akakigeuza huku na huku dirishani akitafuta ukungu na hakuupata. Akakata kipande, na kisu kikatoka kikavu. Mkate ulikuwa laini. Akaula pale pale amesimama, bila siagi, huku cherehani ikiwa na nguo ya mteja nusu imeshonwa.

Kisha akakiangalia kitambaa. Kilikuwa ni kile kipande alichokitoa kapuni na utani wake. Wifi alikuwa amekikunja pindo kwa mkono, mshono mdogo mdogo, na palionekana sehemu alizofumua akarudia. Mtu asiye fundi alihangaika ili kitambaa chake kisimwaibishe ndani ya nyumba ya fundi. Fundi akahisi uso unamwaka, ingawa chumbani alikuwa peke yake.

Alimpelekea Mzee kipande. Mzee alipotafuna, mabega yalimshuka.

"Ndio wenyewe huu. Mkamwana wangu amekuja?"

"Hajaja, baba. Ulibaki kwenye sanduku."

"Basi hajaja," Mzee akasema, akaendelea kula. Akamweleza binti yake yale ambayo wifi alimweleza siku ya kwanza kabisa: kwamba mkate wa namna hii ukitoka motoni unakuwa bado haujamaliza kuiva, ukikatwa unanata, unaachwa ulale, utulie, ndipo ukamatane. Na ukishalala vizuri, ndio unaodumu.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ulijua," akasema. "Na siku ile ukakaa kimya."

Mzee alikusanya chembe kwenye sahani kwa ncha ya kidole.

"Nilikaa kimya. Wewe ndiye unayenifulia nguo, mwanangu. Nikasema nikimtetea yule, nitakuaibisha wewe mbele ya dada yangu. Nikaiacha aibu imwendee asiye wa damu." Akaisukuma sahani, safari hii tupu. "Na mdomoni nilikuwa na mkate wake."

Kesho yake Fundi alikwenda dukani na hakupita uchochoroni. Wifi alikuwa nyuma ya kaunta, unga umempaka mpaka kwenye nyusi. Aproni aliyovaa ilikuwa mojawapo ya zile alizozishona Fundi. Kulikuwa na wateja wakingoja, na Fundi aliwaacha wahudumiwe wote, ingawa alijua nusu ya sababu ya kuwaacha ilikuwa woga.

"Wifi, nilikukosea," alisema. "Nilisikia neno dirishani, nikalibeba nusu."

"Ungeniuliza tu."

"Kweli, ningekuuliza."

"Utani wako nimeuzoea, haujawahi kuninyima usingizi," wifi akasema. Alikuwa anapanga mikate, na mikono yake haikusimama. "Ila ulinisema mbele ya watu kwamba namlisha baba makombo. Hapa unaniomba radhi, tuko wawili. Wale walikuwa wengi."

Wifi aliingia ndani, akatoka na mkate wa rai uliofungwa kwenye karatasi, ukiwa bado na joto, akauweka kaunta.

"Mpelekee baba. Usiukate leo."

Basi Fundi akawaita tena wale wale. Alipita mlango kwa mlango, na kwa Shangazi alikaa hadi akapewa ahadi. Mdogo wake alimwambia hajui kama mke wake atakuja, na kwamba yeye hatamlazimisha. Jumapili watu walipokuwa wamekwisha kukaa, wifi aliingia nyuma ya mumewe, akasalimia, akachukua kiti kilicho karibu na mlango, mkoba mapajani.

Fundi aliuweka mkate mezani. Maneno yake aliyafanyia mazoezi juu ya cherehani, na sasa yote yalikuwa yamemtoka kichwani.

"Mkate huu umelala," alisema. "Nimeulaza mimi mwenyewe. Siku ile niliwaambia ni kiporo. Sikuwa najua kitu, na sikuuliza, nikasema tu. Mkate wa rai ndivyo unavyotakiwa, unalala ndiyo unaliwa. Wifi yangu alikuwa anamtunzia baba ulio mzuri."

"Na mimi nilijua," Mzee akasema kutoka kitini mwake. "Mniweke na mimi humo."

Binamu wa cheko la puani alijishughulisha na kamba ya kiatu. Shangazi alishusha pumzi ndefu.

"Sasa mimi ile habari nilikwenda nayo," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa mkwe wangu nimeisimulia, kwa wenzangu wa kikundi nimeisimulia, na nikaongeza chumvi. Nitaanzia nyumba ipi kuirudisha?"

Fundi, ambaye alidhani ameshafika mwisho wa aibu yake, akaona kwamba imekwishatembea majumbani asikokujua. Akashika kisu ili mikono ipate kazi. Kipande cha kwanza kilikatika vizuri, akampa Mzee. Cha pili akaenda nacho hadi mlangoni, akampa wifi kwa mikono miwili. Wifi akapokea. Fundi akarudi mezani, akauacha mkate ubaoni umelala chali, upande uliokatwa ukitazama dari.

Wifi aliutazama ule mkate kwa muda. Kisha akainuka, akavuka chumba, akaugeuza.

"Unalazwa kifudifudi, wifi," alisema taratibu. "La sivyo unakauka."

Alirudi kwenye kiti chake kile kile cha mlangoni, akauondoa mkoba mapajani, akauweka chini, akaanza kula.