Uji wa Zamu Yangu

Siku ile niliamka nimechoka, nikafika shuleni nimechoka, na darasa la pili lilikuwa na watoto tisini na wanne. Mada ilikuwa milango ya fahamu. Mtu akishaifundisha mada hiyo kwa miaka ishirini na sita anaweza kuifundisha usingizini, na kusema kweli mimi nilikuwa karibu.

Macho na masikio tulimaliza haraka. Tulipofika kwenye pua nikatoa vifurushi vya kitambaa nilivyovifunga nyumbani: kitunguu, sabuni, ndimu, samli. Mtoto anafumba macho, ananusa, anataja. Nilikuwa nimevitia alama kwa kalamu, maana bila alama nisingejua kipi ni kipi. Tangu homa ile ya mwaka juzi, pua yangu ni pambo la uso. Sisikii harufu yoyote, na ladha nayo imepotea. Chakula kwangu ni cha moto au cha baridi, basi. Sikumwambia mtu. Mwanzoni nilidhani itapita, baadaye nikaona aibu, na mwisho nikachoka hata kuifikiria.

"Pua inatusaidia nini?" niliuliza.

"Kujua chakula kilichoharibika," wakajibu kwa pamoja.

"Na ukisikia harufu mbaya unafanya nini?"

"Unasema."

Nikawasifu kidogo, nikawatoa nje wakanywe uji.

Wiki ile zamu ilikuwa yangu. Kwetu mwalimu wa zamu ndiye anayeonja uji kabla ya mtoto yeyote, kisha anasaini daftari. Dorkas, mpishi wetu, alinipa kikombe huku machozi yakimtoka kwa moshi wa kuni mbichi na mafua yamembana. Nikapiga funda moja. Ulikuwa wa moto. "Mzuri," nikasema, nikasaini, kama nilivyosaini kila zamu yangu kwa miaka miwili.

Wa kwanza kwenye mstari alikuwa Jenifa wa darasa langu, mtoto mkimya anayetembea karibu saa nzima kuja shule. Alipokea kikombe chake, akakisogeza puani, akakirudisha.

"Mwalimu, unanuka dawa ya kupulizia pamba."

Hasira zikanipanda. Nyuma yake walikuwa watoto zaidi ya mia mbili wenye njaa, na unga ule wazazi walikuwa wameutoa kwa kujinyima, mwaka ambao mvua imetukimbia. Nikamwambia asinichezee, somo la asubuhi limekwisha. Hakubisha, lakini kikombe hakukichukua. Nikawageukia wenzake, sauti yangu bado iko juu.

"Nani mwingine anasikia harufu?"

Nikakipitisha kikombe mkono kwa mkono. "Unanukia vizuri, mwalimu." "Mzuri, mwalimu." Kila aliyenusa alisema hivyo, akiniangalia mimi usoni.

Nimefundisha muda mrefu. Najua mtoto anapojibu swali, na najua anapojibu hasira za mwalimu. Nikamtazama Dorkas, akatikisa kichwa. Kwa mafua yale alikuwa hasikii kitu. Mwalimu mkuu alikuwa kwenye kikao cha kata pamoja na walimu wenzangu. Nilikuwa peke yangu na masufuria mawili ya uji. Nikiumwaga kwa neno la mtoto mmoja, na ikawa amekosea, watoto hawa watarudi makwao na njaa. Nikiwagawia, nitakuwa nimewanywesha kwa pua ambayo haifanyi kazi.

Nikakaa kwenye benchi la jikoni. Aibu ilikuwa nzito.

"Nisikilizeni," nikasema. "Mimi sisikii harufu. Niliumwa mwaka juzi, pua ikaharibika, hata ladha siipati. Nilipoonja sikujua chochote. Sasa naomba mninusie nyinyi. Hakuna atakayechapwa."

Kisha Idrissa wa darasa la nne, ambaye alikuwa ameshausifu, akakiomba kikombe tena. Akanusa taratibu.

"Unanuka, mwalimu."

"Unanuka," akasema mwingine nyuma yake, na mwingine, mpaka mstari mzima ukawa unasema jambo lile lile kwa sauti ndogo, kama watu wanaoomba radhi.

Dorkas akaweka upawa chini. "Mwalimu, gunia hili la unga tulilifungua jana asubuhi."

Nilijua swali linalofuata na sikutaka kuliuliza. Jana pia zamu ilikuwa yangu.

"Jenifa," nikasema, "na wa jana?"

Aliangalia miguu yake.

"Ulinuka, mwalimu. Lakini wewe ulishaonja ukasema mzuri, tukanywa wote."

Nikamwambia Dorkas amwage. Kisha nikaagiza daftari la mahudhurio, nikaanza kuita majina ya waliokunywa jana, nikisubiri kila mmoja aitikie kabla ya kwenda kwa mwingine.